Fimbo kwa Kila Nafasi

Kilindoni,
14 Januari, 1968

Dada yangu Mwanahalima,

Shikamoo. Mimi mzima, na Arafa kafika salama Ijumaa, ingawa alitapika njia nzima na kuniharibia kanzu nilipompokea. Nakushukuru kwa miaka kumi uliyomlea huko Jibondo tangu mama yake, marehemu Mwanasiti, alipotutoka. Hilo siwezi kulilipa na sitajifanya naweza.

Lakini niseme la moyoni. Mtoto huyu hana adabu ya masomo. Ana miaka kumi na miwili, anaamka jua limeshapanda, akiulizwa jambo naye anauliza lake, na akikosea anacheka. Jana nilimwambia anitajie tebo ya saba. Akafika saba mara nane akasema, "Hamsini na sita, baba, lakini kwa nini inakuwa sawa na nane mara saba?" Nikamuuliza nani kamfundisha kumhoji baba yake. Akasema, "Shangazi nikimuuliza huwa ananijibu."

Sawa, huko alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi na tisa. Darasa la tano hapa wako arobaini na wawili, na wengine ni watoto wa makarani na wauguzi. Tumepata uhuru, tunaambiwa viti walivyokalia wakoloni sasa ni vyetu, lakini hakuna atakayekalishwa kwa kuchekacheka. Mimi nilianza kufagia ofisi hii hii, leo ni karani, kwa sababu Mzee wetu hakunionea huruma. Nataka Arafa awe binti wa kwanza wa ukoo wetu kuingia sekondari.

Nimemwandikia ratiba na kuibandika ukutani. Mchezo hakuna. Na kwa kila mtihani nimeweka sheria moja: fimbo moja kwa kila nafasi atakayokuwa chini ya wa kwanza. Ni sheria ya wazi, haina uonevu. Mwenyewe amekubali.

Nduguyo,
Saburi Shaibu


Jibondo,
2 Februari, 1968

Ndugu yangu Saburi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Mtoto huyu hakuwa wa kwanza kwa bahati. Mashua ya maji ikija hapa, yeye ndiye aliyekuwa akigawa madebe. Nyumba hii watu sita, ile wanne, maji yamekuja pungufu, kila mtu apate kiasi gani? Watu wazima na ndevu zao walimngoja amalize hesabu, na hakuna aliyegombana naye. Akikosea nilimwambia, "Rudia, Bi Mwanamkuu hajapata." Alirudia. Hakulia, na mimi sikumpiga.

Usidhani nilimwacha afanye atakavyo. Aliponidanganya kwamba amekwenda chuoni kusoma Kurani, kumbe alikuwa kwa mafundi wa vyombo vya bahari akiwahesabia mbao, nilimkataza kwenda kwa mafundi mwezi mzima. Alikasirika, lakini alijua kwa nini. Mtoto akijua kwa nini, hasira yake haikai.

Kuuliza ndiko kusoma kwake. Mwache aulize.

Unasema Mzee alikuchapa ukawa karani. Saburi, mimi ni mkubwa wako, nilikuwepo. Nakumbuka ulivyokuwa ukijikojolea ukisikia makubadhi yake mlangoni, na ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Samahani kwa kuliandika hili. Lakini wewe ndiye uliyeanza kumtaja Mzee.

Na akiwa wa mwisho ni fimbo arobaini na moja. Umezihesabu?

Dadako,
Mwanahalima


Kilindoni,
9 Juni, 1968

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika kwenye karatasi ya daftari, usinigombeze, nimeitoa katikati ya daftari ili isijulikane.

Matokeo yametoka. Nimekuwa wa kumi na saba. Baba alisema sheria ni sheria. Alihesabu mwenyewe kwa sauti. Ya kumi na sita alisimama kidogo kama anataka kuiacha, kisha akaimaliza. Baadaye aliniletea maandazi na akanipaka mafuta ya nazi kwa mkono wake. Alikuwa analia, shangazi. Nilimwona. Akasema ni jasho.

Usimwambie kama nimekwambia.

Mwalimu wetu Hemedi ni mzuri. Akiuliza swali, nikiwa nimekaa jibu ninalo. Nikisimama linakimbia. Naanza kuhesabu mikono ya wenzangu, huyu atakuwa mbele yangu, na huyu, na yule. Rafiki yangu Kijakazi, binti wa jirani, anajua hesabu sana. Zamani kule nyumbani mtu akijua kitu nilikuwa nafurahi kwa sababu nitamuuliza. Sasa Kijakazi akijibu sawasawa naomba akosee linalofuata.

Tangu mwezi wa tatu sijauliza swali hata moja. Baba amefurahi, anasema nimetulia.

Maji siku hizi anagawa nani?

Mwanao,
Arafa


Jibondo,
1 Julai, 1968

Ndugu yangu Saburi,

Kuna watu wa huku walikuja Kilindoni kununua misumari, wakaniambia wamemwona Arafa amekonda. Sisemi zaidi ya hapo. Nakuomba likizo hii umlete kwangu wiki mbili tu. Vitabu vyake aje navyo, nitamsimamia asome.

Dadako,
Mwanahalima


Kilindoni,
12 Desemba, 1969

Dada Mwanahalima,

Shikamoo. Mwaka jana ulinikasirikia kwa kutomleta Arafa likizo, na mwaka huu pia. Sasa sikiliza.

Wa tatu!

Alianza wa kumi na saba, akashuka mpaka wa ishirini na mbili, nami sikurudi nyuma. Mwezi wa sita akapanda, akawa wa kumi na moja. Sasa wa tatu, katika watoto arobaini na mmoja, dada. Ripoti yake nimeipeleka ofisini, bwana mkubwa mwenyewe ameishika mkononi akasema, "Karani, huyu ndiye binti tunayemtaka katika Tanzania hii." Sikujua niweke wapi macho yangu.

Fimbo mbili nilimchapa, kwa sababu sheria ni sheria, lakini nilizichapa polepole. Nimemnunulia viatu vya raba, na nimemwagiza fundi wa mabati atengeneze sanduku la sekondari. Mwakani Novemba ndio mtihani wa darasa la saba. Mimi ninayeandika haya sijawahi kulala vizuri kama wiki hii.

Jambo moja. Chini ya godoro lake nimekuta barua zako. "Usiogope kukosea," unamwandikia mtoto. "Ukiwa wa kumi utakuwa bado Arafa wangu." Nimezichoma moto. Ungeachiwa wewe, angekuwa wa kumi mpaka leo. Kuanzia sasa barua zote zipitie kwangu.

Nduguyo,
Saburi


Kilindoni,
20 Januari, 1970

Shangazi,

Anakuletea barua hii Bi Bimkubwa, mama yake Kijakazi. Anakuja Jibondo kwenye arusi. Hajui kusoma, na ameapa hatampa mtu mwingine.

Sikuwa wa tatu.

Nilinakili kwa Kijakazi. Tunakaa dawati moja, ananiachia mkono wazi nione. Na mimi namlimia tuta lake la mihogo kwenye shamba la shule, kwa sababu yeye ana pumu. Tulikubaliana hivyo tangu mwezi wa nne. Yeye alikuwa wa pili.

Shangazi, mimi zile hesabu nyingine nazijua. Lakini nikijibu mwenyewe siamini. Naandika jibu, nafuta, naandika tena lile lile, nafuta. Nikiona Kijakazi ameandika kama mimi, basi natulia.

Baba amewaonyesha ripoti watu wote. Ameanza kunisemesha wakati wa kula. Juzi alinisimulia alivyokuwa mdogo akianguka kwenye mnazi, na sote wawili tukacheka mpaka akapaliwa. Hajawahi kucheka na mimi. Nikimwambia, hatacheka tena.

Nifanye nini?

Arafa


Jibondo,
6 Februari, 1970

Arafa mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kupanda chombo nije, nikaogopa nitakuharibia zaidi.

Sitamwambia baba yako. Nakuahidi. Ila wewe nenda kwa Mwalimu Hemedi, umwambie ukikaa peke yako akili inakukimbia. Muombe akukalishe mbele, mbali na Kijakazi, akupe mazoezi uyafanye bila mtu pembeni. Mwaka bado mrefu. Utajizoea tena.

Barua hii nampa Bi Bimkubwa anayerudi kesho; ukishaisoma ichane.

Shangazi yako


Kilindoni,
24 Novemba, 1970

Mwanahalima,

Jana msimamizi aliyetoka Bara alimtoa Arafa kwenye chumba cha mtihani wa taifa mbele ya watoto wote. Karatasi ya kuibia imekutwa ndani ya mkono wa gauni lake. Mitihani yake yote imefutwa. Nilipata habari ofisini, mbele ya watu wale wale waliosoma ripoti yake.

Sikumpiga. Nataka ujue kwamba sikumpiga. Jambo hili halina fimbo.

Anajaribu kuniambia uongo mwingine juu ya uongo, nimemwambia anyamaze. Nimempandisha chombo cha mafundi wa Jibondo leo asubuhi. Sanduku limebaki hapa. Ulimlea aone kukosea ni mchezo, haya, mtoto wako huyo. Mfundishe kusuka ukili wa mikeka.

Saburi Shaibu


Jibondo,
10 Desemba, 1970

Saburi,

Amefika. Nilimpa kazi ya kupepeta mchele akaipepeta mpaka zikabaki chenga. Siku ya nne ndipo akafungua mdomo, nami nakuandikia kama alivyosema.

"Shangazi, karatasi ile ilikuwa ya Jiografia. Mito na milima. Na mtihani ule ulikuwa wa hesabu."

Nikamuuliza, sasa mbona uliibeba?

"Nikiwa sina kitu mkononi mwangu majibu yananikimbia. Nilikuwa nayo tu. Hesabu zote nilikuwa nimeshazimaliza, nilikuwa nazipitia mara ya pili. Mkono ukaniwasha nikaugusa, msimamizi akaona."

"Baba yako ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema ninyamaze."

Alizifanya hesabu zile mwenyewe, Saburi. Msimamizi aliwaweka mtoto mmoja mmoja, kila mmoja na dawati lake. Tangu mwezi wa pili alikuwa akikaa mbele peke yake darasani, na Mwalimu Hemedi akimpa mazoezi. Hilo ulilijua wewe? Kutoka ofisini kwako mpaka kwa mwalimu ni mwendo wa dakika kumi. Nenda kamuulize.

Kama hutaki kumuamini mtoto, basi muamini mwalimu.

Mwanahalima


Kilindoni,
19 Agosti, 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Miezi minane sijakuandikia. Sina udhuru.

Sikwenda kwa Mwalimu Hemedi. Niliogopa kwamba mtoto amesema kweli. Yeye ndiye aliyekuja ofisini mwezi uliopita, kwa shughuli za kisomo cha watu wazima. Tulipomaliza akabaki amesimama. Akasema, "Karani, Arafa hajambo?" Nikamjibu sijui. Akaniambia siku ile msimamizi alimwonyesha karatasi ya majibu kabla ya kuifunga kuwa ushahidi. Hesabu zilikuwa arobaini. Arafa alipata thelathini na saba. Na ile karatasi ya mkononi ilikuwa mito na milima mitupu.

"Nilidhani unajua," akasema. "Nilikungoja uje tuandike barua ya kumtetea. Mzazi asipoonekana, mwalimu peke yake hasikilizwi."

Nilimngoja aondoke, nikafunga mlango wa ofisi saa nne asubuhi.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Unajua wilaya yetu imechaguliwa kufuta ujinga mwaka huu. Orodha za Jibondo zilipita mezani kwangu jana. Nambari ishirini na tatu imeandikwa: Arafa Saburi, miaka kumi na sita, hajui kusoma wala kuandika. Pembeni yake pana alama ya dole gumba.

Nani amefanya mzaha huu? Darasa la saba kamaliza! Nimeshika kalamu nyekundu nilifute jina lile, nikasita. Nataka nimwombee kazi ya kufundisha kisomo huko kwenu. Walimu hawatoshi, wanachukua hata waliofika darasa la sita. Inatosha aniambie anataka, mengine nitayafanya.

Mwambie nimekosa. Mwambie baba yake amesema amekosa, kwa maneno hayo hayo. Na muombe aniandikie, hata mstari mmoja.

Nduguyo,
Saburi


Jibondo,
3 Septemba, 1971

Ndugu yangu Saburi,

Marahaba. Hakuna aliyefanya mzaha. Nilikuwepo.

Afisa aliweka meza nje ya shule, watu wakapanga mstari. Wazee, wake za mafundi, wavuvi wa dago, wale wa kambi za msimu, waliotoka Bwejuu. Mimi nilikuwa mbele ya Arafa. Nikaandika jina langu, nikaambiwa nikae upande wa wanaojua. Ikafika zamu yake.

"Unajua kusoma?"

"Sijui."

"Hata jina lako?"

"Hata jina langu."

Afisa akamsogezea wino. Pale palikuwa na watu aliokuwa akiwagawia maji kwa hesabu zake, wakamtazama, wakatazama chini. Alichovya dole gumba akalibandika. Kisha akanitazama mimi, Saburi, nami nikanyamaza.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kukasirika, hilo ndilo linaloniuma. Alisema, "Nikisema najua, watanipa mtihani. Ukiwepo mtihani kuna wa kwanza na kuna wa kumi na saba. Pale kwenye wino, shangazi, tulikuwa sawa wote."

Hashiki kitabu. Karatasi ya dukani ikija na maandishi anaigeuza upande. Mwanzo nilidhani ni hasira, zitakwisha. Sidhani hivyo tena. Akifuatwa na mtoto wa jirani kuulizwa hesabu, anatoka nje. Kuna kijana wa kwa Mzee Hija ameleta posa, na Arafa amekubali siku hiyo hiyo bila kuuliza hata jina la mama wa kijana.

Sasa nami nina langu, na nimelificha muda mrefu kuliko inavyofaa. Nafasi ile ya tatu uliyoipeleka ofisini, Arafa alinakili kwa Kijakazi. Aliniandikia mwenyewe, kwa siri, miezi kumi kabla ya mtihani. Alikuwa na hofu ya kukwambia. Akaniuliza afanye nini. Nikamjibu achane barua.

Mwaka ule wote nilijiona mimi ndiye mwenye huruma na wewe ndiye mkatili. Lakini mtoto aliomba mtu mzima mmoja asimame mbele ya baba yake aseme kweli, na mimi niliyekuwa nikimfundisha asiogope, niliogopa. Nilikuogopa wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni. Ningekuja, ungenifukuza, labda ungemchapa. Lakini angejua kwamba kusema kweli mtu hafi. Badala yake alijifunza kwangu kwamba ukweli unafichwa hata na wale wanaokupenda. Kwako alipata hofu. Mahali pa kuificha alipata kwangu. Karatasi ile ya mkononi mwa gauni, nikiifikiria, naona tuliiweka pale sisi wawili.

Sikuandikii haya ili ujisikie nafuu. Kama unapata nafuu, basi umenisoma vibaya.

Barua yako nimemsomea juzi, alikuwa anasuka mkeka. Nilimsomea yote, mpaka zile hesabu thelathini na saba. Hapo mkono ulisimama. Nikafika mahali uliposema umekosa, nikayarudia maneno mara mbili kama ulivyotaka. Nikamwekea karatasi tupu na kalamu kando ya mkeka. Hakuvitazama.

Akauliza, "Jina langu ameshalifuta?"

Nikamwambia, amesita.

"Mwambie asilifute."

Nikangoja aongeze neno. Akainuka, akaenda kuanua samaki.

Dadako,
Mwanahalima